Mstari Mweupe kwenye Piste

Lubumbashi, 11 Novemba 2023

Mwanetu Séphora,

Moyo, kama tunavyosalimiana nyumbani. Huku tuko. Mvua imeanza Jumanne, na umeme wa mtaa wetu wa Bel-Air umekatika Jumanne hiyo hiyo. Shangazi yetu, Tantine Albertine, anakusalimia. Goti lake la kushoto limevimba tena, lakini kwaya haachi, na bado ananiuliza kwa nini mwanaume wa miaka hamsini na moja anajipikia bukari, ugali wake mwenyewe. Nimemwambia bukari ya mtu mmoja ni rahisi kupika. Ngumu ni kuimaliza.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu tunaulizana afya mara tatu, halafu tunasikilizana pumzi. Barua hii atakupa Gaëlle, mhudumu wenu wa ndege. Ile ya mwezi uliopita aliipokea kwa vidole viwili, akacheka. Anadhani mimi na wewe tuko na mambo. Nimemwacha adhani. Mimi ni yaya wako, kaka yako wa tumbo moja, lakini wewe Kapinga, mimi Ntumba. Baba alimpa kila mtoto jina lake, na uwanja mzima wa ndege hakuna aliyewahi kuuliza. Tangu ulipojaza fomu ya kampuni, mahali pa ndugu walio kazini ukaandika "hakuna", ni afadhali Gaëlle adhani hivyo kuliko ajue.

Sasa jambo lenyewe. Ratiba ya marubani siiangalii. Mimi fundi, naangalia matairi. Lakini siku ambazo ni wewe uliyetua, si Commandant Ruben, kapteni wako, naweza kuzitaja bila kuuliza mtu. Yeye anaibwaga ndege mwanzoni mwa piste, pale lami ya kutulia inapoanza. Moshi unatoka mara moja, tairi linabaki na mkwaruzo mfupi, basi. Wewe unaishika ndege hewani, unaitafutia ardhi taratibu, na huku piste inaisha chini yako. Unagusa mbali. Ukigusa mbali unakanyaga breki kwa nguvu, na anayelipa ni tairi. Wiki hii nimetoa tairi namba tatu baada ya kutua mara mia moja na arobaini. Lilipaswa kupita mia mbili.

Unayajua haya kuliko mimi, ila nayaandika. Luano, uwanja wetu, uko mita elfu moja na mia tatu juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mnafika chini na mwendo mkubwa kuliko Kinshasa. Gurudumu limesimama, ardhi inakimbia kilomita mia mbili sitini kwa saa. Ukilikandamiza, linazunguka papo hapo. Ukilipapasisha, linasita. Piste ikiwa na maji, linaweza lisizunguke kabisa.

Gusa mapema. Gusa kwa uzito.

Yaya wako,
Clovis


Kinshasa, 26 Novemba 2023

Yaya Clovis,

Moyo na wewe. Mwambie Tantine nimempatia dawa ya kupaka, itakuja na Gaëlle Jumatano. Mwambie pia asiipake na kwenda kuimba, inanuka. Mimi ni mzima. Chumba changu ni kile kile cha ghorofa ya nne: mlango una kufuli tatu, ndani kuna mtu mmoja. Jirani wa chini amenunua jenereta. Siku hizi ndiye ninayemsikia zaidi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kama mdogo wako, mara ya pili kama mwanafunzi aliyepata nne kwa ishirini. Eh, Yaya! Hata Commandant hanisemi hivyo.

Lakini unawajua abiria wetu. Ukigusa taratibu wanapiga makofi, wanamshukuru Mungu kwanza, rubani baadaye. Wiki iliyopita Ruben aliibwaga, na mama mmoja mwenye mizigo ya mpakani Kasumbalesa akamngoja mlangoni: "Papa, miye si saki ya bunga! Unanitupa vile juu ya nini?" Ruben akamwomba radhi kwa kumfanya gunia la unga. Kesho yake nilitua mimi, na Gaëlle akaniambia kabini nzima ilipiga makofi mpaka tulipotoka kwenye piste. Yaya, mimi naamka peke yangu, narudi peke yangu. Makofi hayo ndiyo kitu pekee ambacho watu wananipa mchana kutwa. Usininyang'anye.

Najua utaandika tena kuhusu namba tatu. Andika. Nikiwa nashuka naona kofia yako ya njano mlangoni mwa atelier, karakana yenu, kwa hiyo najua uko. Halafu dakika hamsini wewe uko chini ya bawa, mimi niko kwenye kiti. Nimekisia: kati yetu ni mita sita.

Séphora


Lubumbashi, 10 Desemba 2023

Mwanetu,

Moyo. Dawa imefika. Tantine ameipaka na kwenda kuimba. Waimbaji wa safu ya mbele wamehama.

Makofi hayaoti mpira kwenye tairi. Sina zaidi ya kusema juu ya hilo.

Kangwa, yule tunayefanya naye kazi tangu miaka kumi na moja, amepata mtoto wa tatu, wa kike. Ni yeye anayejaza matairi yenu kila asubuhi na kuandika presha. Anaandika kama mtu anayechonga jiwe, tarakimu moja moja. Aliniuliza jana: "Grand, ule mama rubani, unamujua?" Nimesema simjui. Nimelisema mara nyingi, lakini jana lilinichelewa mdomoni.

Noeli nitakuwa kazini. Wewe je? Usijibu kama jibu ni "kazini".

Clovis


Lubumbashi, 21 Januari 2024

Mwanetu,

Nimesikia kwa Gaëlle kwamba umefika Kinshasa salama na ndege nyingine. Hapa Tantine hajui kitu. Nimemwambia mvua ilichelewesha safari.

Ninaandika niliyoyaona Ijumaa, kwa utaratibu, kwa sababu nadhani utaulizwa.

Saa nane na dakika ishirini mvua ilikuwa imepungua lakini maji yalikuwa yamesimama kwenye piste. Nilikuwa mlangoni. Ndege ilipita mwanzo wa piste vizuri, ikashuka, ikakaa hewani. Nilihesabu sekunde. Nilipofika saba nikaacha kuhesabu, nikavaa buti. Mligusa bila moshi na bila sauti. Kisha nikasikia mlipuko mmoja. Ndege ikavuta kulia, ikasimama gurudumu la mbele likiwa kwenye majani. Abiria sabini na wanane, hakuna aliyeumia. Mtu mmoja alipoteza kiatu.

Tulikimbia na Kangwa. Wewe ulikuwa umesimama kwenye majani pamoja na abiria, bila mwavuli, kofia mkononi. Nilikuwa mita kumi na mbili. Watu wa ofisi walikuwepo. Sikuja.

Tairi ni namba tatu. Niko nalo hapa, limefungwa kwa turubai. Nimepewa wiki moja niandike ripoti.

Niambie uligusa wapi.

Clovis


Kinshasa, 24 Januari 2024

Yaya,

Moyo. Mimi ni mzima, nimepumzishwa mpaka uchunguzi uishe. Nalala mchana. Jirani wa chini hana mafuta ya jenereta, kumekuwa kimya.

Commandant amesema ukweli kwamba ni mimi niliyekuwa natua. Sina neno naye. Kuhusu mahali, mvua ilikuwa inapiga kioo, sikuona vizuri, sitaki kutaja mita nisizozijua.

Lakini watu wa ofisi hapa wanasema tairi likiwa na presha ndogo linateleza juu ya maji upesi zaidi. Ni kweli, si ndiyo? Wewe ndiye fundi. Tena presha inaweza kushuka yenyewe kati ya asubuhi na mchana. Sisemi mtu amekosea. Nasema angalia vizuri.

Unajua ni miaka mingapi nimesubiri kiti hiki. Uliuza pikipiki yako nikasome. Sikuombi kitu, Yaya. Nakukumbusha tu.

Séphora


Lubumbashi, 28 Januari 2024

Mwanetu Séphora,

Moyo. Tantine amejua. Alisikia kwa mama mmoja wa kwaya. Anakuombea, na amenisihi nisiandike kitu kibaya juu yako. Nimemwambia naandika juu ya tairi.

Umeniambia niangalie vizuri. Nimeangalia.

Pembeni ambapo limepasuka, tairi lina kidonda cha mviringo kirefu kama kiganja changu na nusu. Mpira wa hapo umeyeyuka na kurudi ubichi. Ukigusa unanata kama sukari iliyoungua. Mifereji ya sehemu nyingine bado ni mizima. Tairi lenye presha ndogo huumia mabega yote mawili na joto lake huenea kote. Hili limeumia mahali pamoja, kwa sababu halikuzunguka. Lilikokotwa.

Juzi asubuhi, kabla ya ndege ya kwanza, nilipata ruhusa, nikatembea kwenye piste na utepe. Ndege ikitua vizuri inaacha alama nyeusi. Yako imeacha mstari mweupe. Gurudumu lililojifunga juu ya maji linayachemsha, na mvuke unaisafisha lami. Mstari unaanza mita elfu moja na mia mbili arobaini kutoka mwanzo wa piste. Una urefu wa mita mia tatu na kumi na moja. Nimepima kwenda, nikapima kurudi. Kuna mahali umenyooka sana hata nikautamani, kama mshono.

Kwenye daftari la ndege, tangu Jumatano kabla ya siku ile, imeandikwa kwamba kifaa kinachozuia gurudumu hilo kujifunga ni kibovu, na kwamba mnaruhusiwa kuruka kwa sharti: kugusa mapema, breki kidogo. Chini kuna saini mbili. Moja ni yako. Uliniandikia habari za mvua na kioo. Hukuniandikia hilo.

Alhamisi ofisi walinipigia. "Papa Clovis, sisi benyewe tunaelewana. Andika presha, tumalize." Nikauliza: presha ilijazwa na nani? Wakasema: "Si ule kijana Kangwa? Ule atapata kazi fasi ingine." Kangwa alikuwa mbele yangu, anapanga funguo zake. Alisikia yote, simu yangu ni ya zamani, inapiga kelele. Akaniletea karatasi ya asubuhi ile na tarakimu zake zilizochongwa, akaiweka mezani, akarudi kupanga funguo.

Nimeandika nilichopima. Ripoti imeondoka jana. Ukurasa wa mwisho nimeandika kwamba rubani Kapinga Séphora na mimi tumezaliwa na mama mmoja, kwamba nimelificha miaka mitano, na kwamba vipimo vyangu mtu mwingine avirudie.

Pikipiki nisingeikumbuka kama hukuitaja.

Yaya wako,
Clovis


Lubumbashi, 14 Aprili 2024

Mwanetu,

Moyo. Mvua zinaisha. Tantine sasa anatembea na fimbo na anasema ni ya mapambo. Barua hii anakuletea mchungaji wake, anakuja huko kwa mkutano. Gaëlle siku hizi hatukutani.

Nilituma moja mwezi wa pili na moja mwezi wa tatu. Labda hazikufika.

Kazi iko. Matairi hayaishi.

Nimepunguza sufuria. Nimenunua ile ndogo kabisa ya sokoni, na bukari bado inabaki.

Clovis


Lubumbashi, 7 Julai 2024

Mwanetu,

Moyo. Baridi ya asubuhi ni kali, vumbi ni lile la kila mwaka. Tantine mzima.

Kama hutaki kuandika, tuma bahasha tupu. Nitajua mkono wako.

Clovis


Kinshasa, 18 Agosti 2024

Yaya Clovis,

Moyo. Mpe Tantine busu langu la shavuni. Barua zako zote nne, tangu ile ya ripoti, zilifika. Nilizisoma siku ile ile zilipofika, nikaziweka chini ya godoro, nikakaa na hasira yangu.

Nilisimamishwa miezi sita. Kwa ajili ya fomu nilipata onyo la maandishi. Kwa ajili ya saini ile walinikalisha mbele ya watu watano, wakaniuliza: "Ulisoma ulichosaini?" Nikasema ndiyo. Hakukuwa na jibu lingine. Kisha Johannesburg wiki tatu, kwenye mashine ya mazoezi. Mwalimu ni mzee mwembamba, hacheki. Kila nikiishika ndege hewani anagonga meza kwa kalamu. Siku ya nne akaniuliza ninamtulia nani. Nikasema abiria. Akasema mashine haina abiria.

Sasa nakuambia. Mlango wa chumba cha marubani ni wa chuma, Yaya, na masikioni tuna spika. Makofi sijawahi kuyasikia. Hata mara moja. Gaëlle ananihadithia tu.

Nilikuwa na miaka saba, wewe ishirini na minne. Jumapili ulikuwa unanibeba kwenye baiskeli mpaka ukuta wa Luano. Ndege ikishuka unaniambia: "Hii amebwaga." Nyingine: "Angalia, hii ameweka yai." Na uliposema yai, kwa ndege iliyogusa taratibu, ulikuwa unapiga makofi, peke yako, watu wakitushangaa. Miaka mitano nimekuwa nikishuka nikiangalia kofia ya njano. Siku ile ya Januari niliiona pia. Saini niliikumbuka. Piste niliiona inaisha. Nilitaka kuweka yai.

Ndivyo ilivyokuwa. Ni kosa langu, si lako. Naandika tu kama wewe ulivyoandika mita.

Jambo la pili. Wiki iliyopita Gaëlle alikuja kunisalimia. Kwanza alinicheka: "Kumbe ule papa wa mabahasha ni yaya yako! Miye nilishaanza kutafuta kitambaa cha ndoa!" Halafu akaniambia kwamba wewe hauko tena uwanjani. Kwamba walikunyang'anya beji mwezi wa pili, kwa sababu ya ule ukurasa wa mwisho. Kangwa ndiye amechukua nafasi yako. Nawe mwezi wa nne ukaniandikia "kazi iko". Matairi gani hayo yasiyoisha, Yaya?

Narudi kazini mwezi ujao, njia fupi kwanza. Lubumbashi wamenipangia Ijumaa ya 15 Novemba, na ni mimi nitakayetua. Nitalala huko usiku mmoja, hoteli ya kampuni. Sijui nitaangalia wapi nikiwa nashuka.

Séphora


Lubumbashi, 16 Novemba 2024

Mwanetu Séphora,

Moyo. Umeondoka leo asubuhi, na meza bado ina sahani mbili. Sijaziosha. Tantine, aliyepita kukusalimia, anasema umekonda, na kwamba rubani anayekula sombe, majani ya muhogo, namna ile huko anakotoka hawapiki. Mimi nimeona sufuria ndogo haikutosha. Ile kubwa iko kwa Mama Émerance wa jirani, nitaichukua leo.

Jana tuliongea mambo ya Tantine na ya mvua mpaka ukasinzia kwenye kiti. Hukuniuliza kuhusu saa nane, ulipotua, nami sikusema. Ndiyo maana naandika.

Matairi yasiyoisha ni ya malori ya Kasumbalesa. Niko kando ya barabara, na jeki mbili na pampu. Ni kazi. Jana nilifunga saa saba, nikaenda ukutani, upande ule ule wa baiskeli. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kulikuwa na pikipiki tano za wale vijana wa taxi wanaosubiri abiria.

Ulitokea chini ya wingu saa nane na dakika kumi na nne. Ulipita mwanzo wa piste. Nilianza kuhesabu, na sikufika hata mbili. Magurudumu yalipiga chini, maji yakaruka pande zote, na katikati ya maji nikaona moshi, mfupi, wa buluu. Sauti ilifika ukutani baadaye kidogo. Ilikuwa mbaya. Kijana mmoja wa pikipiki akasema: "Eh! Ule anatupa ndege sawa saki ya bunga!" Wakacheka wote. Nakisia mita mia nne. Ndege ilipunguza mwendo bila haraka, ikatoka kwenye piste, na nyuma yake piste ilibaki na maji na alama nyeusi.

Kangwa alinipigia saa tisa. Ameyapitia matairi yote manne kwa mkono. Namba tatu ni safi. Anasema lina mikwaruzo ya kawaida tu, na mifereji yake itafika mia mbili.

Nadhani abiria hawakupiga makofi. Hilo Gaëlle atakuhadithia.

Mimi nilipiga. Mikono ilikuwa na grisi ya malori, kwa hiyo hayakulia sana. Yule kijana akaacha kucheka, akaniangalia.

"Papa, unapigia nani makofi?"

Nikamjibu: "Matairi."

Yaya wako,
Clovis